Bibi Harusi wa Nusu Kichwa

Wiki jana tuliishia kwenye kitasa. Kitasa kinazunguka polepole, na ndani ya kile chumba kidogo cha meli Jeannine ameketi na kitana mkononi, macho yameganda juu ya kichwa cha Carmel. Amefumua nywele za zamani, amekuta asichotakiwa kukikuta. Juu ya sikio la kulia kuna kidonda kibichi. Kina ncha. Ni chapa ya pua ya pasi ya umeme.

Aliyekosa gazeti aambiwe haraka, maana mlango unafunguka. Jeannine ni msusi wa saluni ya Masika, pale Jeppestown, Johannesburg. Carmel ni binti aliyekulia Kensington, na kesho anaolewa kisiwani Santorini, huko Ugiriki. Anayemuoa ni Marcellin, yule mwenye malori na jumba la Midrand. Wageni wametangulia kwa ndege. Marcellin akasema hapana, bibi harusi wake atafika kwa meli, atokee majini kama malkia, na msusi amsuke njiani.

Malkia! Meli ya visiwa inatia nanga hapa, inatia nanga pale, na kati ya kisiwa na kisiwa hakuna mlango wa kukimbilia. Ndiyo maana aliitaka meli.

Mlango ukafunguka.

"Umeona nini?" akauliza Marcellin.

Hakupaza sauti. Huyu mtu hapazi sauti.

"Mba, patron," akajibu Jeannine, maana bosi kwao ni patron.

"Mba?"

"Ngozi imekauka. Ni baridi ya Joburg tuliyoiacha huko. Nitampaka mafuta."

Marcellin akamtazama. Akamtazama tena. Upepo wa Agosti ulikuwa unapiga dirisha la duara na chumba kizima kilikuwa kinainama upande mmoja, kinarudi, kinainama. Carmel alikuwa ameketi sakafuni kati ya magoti ya Jeannine. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na Jeannine akayabana kwa magoti ili yasionekane.

"Mafuta mpake," akasema Marcellin. "Maneno usimpake."

Akaingia ndani kabisa. Nyuma yake akaingia mama mmoja mnene, mzito wa hatua, kilemba chekundu cha kitenge kimefungwa hadi karibu na nyusi. Huyu ni Mama Marthe, mjane wa kaka mkubwa wa baba yake Marcellin. Ndiye aliyemlea Marcellin tangu mdogo kule Bukavu, na Marcellin anamwita Mama Mukubwa. Alifika Joburg mwezi uliopita tu, kwa ajili ya harusi. Jeannine alishawahi kumwambia, karibu mama, nikusuke na wewe. Akajibiwa kwa mkato, "Mi sisukwagi."

Mama Marthe akakaa kitandani, akatoa rozari, hakumsalimu mtu.

Marcellin akafungua begi la Carmel. Akatoa kitambaa cha kichwa. Akatoa cha pili. Akatoa kofia ya jua, akatoa na wigi la safari. Akahamia kwenye begi la Jeannine, akachukua kitenge chake, akachukua hata ile kofia ya plastiki ya kuogea.

"Vya nini, patron?"

"Kuna joto. Hamtavihitaji."

Akavikumbatia vyote kifuani kama mtu aliyetoka kufanya manunuzi, akaondoka.

Nyinyi dada zangu wa Jeppe mmeshaelewa. Kwa asiyejua nimweleze. Kwetu mwanamke haonekani nje na kichwa kilichosukwa nusu. Hatoki hata kununua mkate kwenye spaza ya jirani bila kufunika. Masika ana msemo wake, anausema kila siku: kichwa nusu hakivuki mlango. Mwaka ule wa fujo, watu walipokuja na marungu wakivunja maduka, wateja wote wa Masika walikimbilia uani. Mmoja alikuwa amesukwa upande mmoja. Alifika uani, akajishika kichwa, akarudi ndani kwenye vioo vinavyovunjika kutafuta kitambaa. Mimi sitanii. Alirudi!

Marcellin amekulia kwa wanawake kama hao. Pingu alizomfunga nazo Carmel hazikuwa za chuma.

*

Jeannine akaanza kusuka. Akachota nywele za nyuma, shingoni, akaingiza meshi, zile nywele za pakiti, vidole vikaenda vyenyewe.

Mama Marthe alikuwa anasali bila sauti, midomo tu. Kifaransa anajua. Kiswahili ndicho chake. Lakini Kizulu hakijui, na Carmel alikijua kabla ya kujua kusoma.

"Sisi," akanong'ona Carmel kwa Kizulu, yaani dada. "Utaniua ukinyamaza. Sema kitu."

"Alikufanyia lini?"

"Usiku wa juzi, hotelini. Nilisema nataka kurudi kwa mama. Nilisema hivyo tu. Akachomeka pasi, akaisubiri ipate moto. Aliisubiri, sisi! Alikuwa anapiga mluzi."

Vidole vya Jeannine vikasimama. Akavilazimisha viendelee.

"Ukamwambia nani?"

"Dada wa mapokezi. Marcellin akaja nyuma yangu, akacheka naye, akamwambia mabibi harusi wote wanaingiwa na hofu. Yule dada akacheka pia. Wakacheka wote wawili, mimi nimesimama katikati."

"Simu?"

"Anayo yeye. Na pasipoti. Yako pia anayo."

"Tukiwaambia mabaharia?"

"Atacheka nao."

Kweli. Jeannine alimjua kwa muda mfupi, lakini hilo alishaliona. Popote Marcellin alipo, maneno yake yanafika kabla ya maneno ya mtu mwingine.

"Eh!" Mama Marthe akainua kichwa. "Munasema nini na hiyo luga yenu?"

"Namwambia asitikisike, mama. Misuko itapinda."

Mama Marthe akatazama mikono ya Jeannine. Akatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mikono. Halafu akarudi kwenye rozari.

Kipaza sauti kikakohoa Kigiriki, kikaja Kiingereza: Paros. Jeannine akainuka kama anayetafuta mafuta, akachungulia dirishani. Akaona gati, nyumba nyeupe, watu wamejaa na masanduku yao. Chini, nyuma ya meli, ule mlango mkubwa wa chuma ulishuka ukawa daraja, magari yakaanza kutoka. Na pembeni mwa daraja, miguu imetanuliwa, mikono nyuma, kama sekyuriti wa geti la Midrand, alikuwa amesimama Marcellin.

Alikuwa anatazama vichwa vya wanaoshuka.

Jeannine akaona na kitu kingine. Ng'ambo ya gati, uso kwa uso na meli, palikuwa na kibanda cheupe chenye bendera na gari la polisi wa bandari. Akakiweka moyoni.

Mlango ukapanda. Meli ikang'oa nanga.

Punde kitasa kikazunguka.

"Umemaliza kichwa?"

"Bado, patron. Meli inayumba."

Akaondoka.

*

Naxos, ikawa vilevile. Nyumba zile zile nyeupe, daraja la chuma, Marcellin pembeni. Na kibanda chenye bendera kilikuwa pale pale, uso kwa uso na meli.

Hapo Jeannine akajua la kufanya.

Akaacha kusuka kama anavyosuka siku zote, kutoka nyuma kuja mbele. Akamgeuza Carmel. Akaanza upande wa kushoto peke yake, kutoka shingoni mpaka kwenye paji la uso, misuko midogo, mizuri, inayong'aa. Upande wa kulia hakuugusa. Akauchambua kwa kitana, akaupuliza, akaupandisha juu ukasimama kama moshi wa mkaa. Kidonda kikafichika ndani ya huo moshi.

Msusi wa mwaka mmoja asingefanya hivyo. Masika angeona, angemfukuza siku hiyo hiyo.

"Sisi, unafanya nini?" Carmel akapapasa. "Mbona huku..."

"Thula." Nyamaza. "Kisiwa kinachofuata ndicho cha mwisho kabla ya Santorini. Kinaitwa Ios. Unashuka."

"Na kichwa hiki?"

"Na kichwa hicho."

Carmel akageuka, akamtazama kama mtu aliyeambiwa ashuke uchi.

Jeannine akamweleza haraka, vidole vikiendelea, macho kwa Mama Marthe. Yule mtu pale chini anatafuta mwanamke aliyejifunika. Amevichukua vitambaa makusudi. Anajua hutathubutu, na ukithubutu utajifunga taulo au shuka, na mtu mwenye taulo kichwani ataonekana kutoka mbali. Kwa hiyo usijifunike na chochote. Huko juu Jeannine amemwona msichana wa Kizungu amenyoa upande mmoja, upande mwingine nywele za kijani kama majani ya maboga, na hakuna aliyemgeukia. Hawa watu hawajui sheria yetu. Wataona ni mtindo.

"Ukikanyaga gati, nenda kwenye kibanda chenye bendera. Usitazame nyuma. Meli itaondoka naye. Ulimi wake utaondoka naye. Wewe utasema peke yako, na kidonda kitasema."

"Na wewe?"

"Mimi ananijua kwa nguo hii ya njano. Tukienda wawili tumekwisha. Halafu lazima mtu abaki asuke."

"Asuke nani, sisi?"

Jeannine akachota nywele nyingine, akasuka. Alikuwa anajaribu kutolifikiria hilo.

Kitasa!

Marcellin akaingia bila kuuliza. Akamwona Carmel. Upande mmoja malkia, upande mwingine kichaka. Akasimama. Jeannine akazidi kukichambua kichaka kwa kitana. Amejua, akawaza. Amejua.

Marcellin akacheka. Alicheka kwa furaha kabisa, hata meno ya nyuma yakaonekana.

"Mama Mukubwa, angalia! Angalia bibi harusi wangu!" Akamwinua Carmel kidevu kwa kidole. "Na kichwa hiki utaenda nacho wapi, chérie, mpenzi wangu? Hata chooni hufiki."

Carmel akashusha macho.

"Nakuuliza."

"Popote," akasema Carmel kwa sauti ndogo. "Sitaenda popote."

"Muzuri." Akamgeukia Jeannine. "Wewe unachelewa. Hapa hauko Jeppe. Nikirudi nikute kichwa. Unajua naijua saluni ya Masika, eh? Naijua na chumba mnacholala nyuma. Usinifanye nipige simu."

Akafunga mlango nyuma yake. Mluzi wake ukasikika kwenye korido, ukaenda, ukaenda, ukapotea.

*

Sasa ilibaki Mama Marthe.

Jeannine alikuwa amejipangia kumwomba akamletee chai. Mpango wa kitoto, lakini ndio uliokuwepo. Kabla hajafungua mdomo, Mama Marthe mwenyewe akaweka rozari mfukoni, akashuka kitandani.

Akasimama juu yao. Meli ikainama, yeye hakuinama.

"Weye msichana. Uko nasuka vibaya leo."

Jeannine akainamia msuko. "Ni mawimbi, mama."

"Mawimbi." Akainama, akashika msuko mmoja wa Carmel, akaupitisha kati ya vidole viwili. "Zamani mi nilikuwa nasukwa. Naijua mikono yenye kuchelewa kwa sababu ya mawimbi. Na naijua yenye kuchelewa kwa sababu ingine."



Vidole vya mama vikapanda. Vikaingia kwenye ule moshi wa nywele upande wa kulia, juu ya sikio, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani na anajua kilipo. Carmel akafumba macho. Vidole vikafika. Vikakaa.

"Alianguka bafuni," akasema Mama Marthe.

Haikuwa swali. Jeannine akamchukia wakati ule, jamani, akamchukia kwa moyo wote. Mwanamke mzima! Ameshika kidonda kwa mkono wake na bado anamlinda mwanawe.

"Ndiyo mama," akajibu Carmel. "Nilianguka."

"Wote tunaangukaga bafuni."

Akanyooka. "Kichefuchefu kinanishika. Naenda kuona Marcellin, anipe dawa."

Akatoka. Mlango hakuufunga. Uliachwa wazi, unagonga ukutani kila meli inapoinama. Pa. Pa. Pa.

"Ameenda kumwambia," akasema Carmel. "Sisi, ameenda kumwambia. Nisuke. Maliza. Maliza upesi nimuombe msamaha."

Jeannine naye alifikiri hivyo hivyo. Na huo mlango wazi aliuona kama mtego wa panya wenye kipande cha samaki.

Kipaza sauti kikakohoa. Ios.

"Simama," akasema Jeannine.

"Siwezi."

"Carmel, simama! Kama ameenda kusema, tukikaa atatukuta, tukitoka huenda asitukute. Simama mdogo wangu."

Carmel akasimama. Akafika mlangoni. Palikuwa na kioo pembeni ya mlango, na hapo akajiona.

Msomaji, utasema alikuwa mjinga. Kifo kiko nyuma yake na yeye anatazama kioo! Lakini mkono wake ulipanda wenyewe kichwani, ukafunika, na machozi yakamtoka.

"Eish. Siwezi kutoka hivi, sisi. Watu wataniona. Niue hapa hapa, siwezi."

Jeannine hakubishana. Alimshika mkono ule, akaushusha, akaubana ubavuni mwake kwa nguvu, akamsukuma nje kama unavyosukuma mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Acha wakuone," akasema.

*

Ngazi zilijaa watu. Vijana wenye mabegi makubwa mgongoni, wazee na mbwa, mama mmoja na kuku kwenye kapu. Walisukumana kushuka kama tuko stendi ya taxi ya Noord. Jeannine alibaki nyuma, mbali kidogo, ile nguo yake ya njano ameigeuza ndani nje.

Vijana wawili walimtazama Carmel. Mmoja akamwonyesha dole gumba, akatabasamu. Ni mtindo! Carmel akashangaa, hatua zake zikanyooka kidogo.

Wakafika chini kwenye magari. Moshi wa malori, minyororo inalia, mabaharia wanapiga filimbi. Mlango mkubwa wa chuma ukaanza kushuka na mwanga mkali ukaingia chini yake.

Na pale pale, mwanga ulipoingia, Jeannine akamwona Marcellin.

Alikuwa pembeni ya daraja, mahali pake. Hakuwa peke yake. Mama Marthe alikuwa ameegemea bega lake, kilemba chekundu karibu na sikio lake. Alikuwa anamnong'oneza.

Carmel alikuwa ameshaingia katikati ya umati. Hakukuwa na kurudi, watu walikuwa wanasukuma kutoka nyuma. Alimwona Mama Marthe akiinua mkono. Akamwona akinyoosha kidole.

Kimekwisha.

Marcellin akaruka. Akapita kati ya watu kwa viwiko, akasukuma mzee, akasukuma begi, akamdaka mwanamke kwa bega na kumgeuza kwa nguvu.

Mwanamke wa watu! Mwarabu mmoja mrefu, amejifunga mtandio mweusi mpaka kidevuni, mtoto mgongoni. Akapiga yowe. Mumewe akaacha masanduku, akamshika Marcellin shati. Baharia akapiga filimbi, akaja mbio.

"Sorry! Sorry!" Marcellin mikono juu, tayari anacheka, tayari anaeleza. "My wife, I thought my wife..."

Na nyuma ya mgongo wake, karibu kiasi kwamba nywele zake zingeweza kumgusa shati, akapita Carmel. Kichwa wazi. Upande wa kichaka ukimwelekea yeye. Marcellin aligeuza shingo, macho yake yakapita juu ya ule moshi wa nywele kama yanavyopita juu ya nguzo, yakaenda kutafuta vitambaa na kofia.

Carmel akakanyaga daraja. Akakanyaga gati.

Jeannine akajishika mdomo. Bibi amekosea! Mzee wa watu, macho hayaoni vizuri, ameonyesha mtu siye! Akageuka, akapanda ngazi mbio, mbili kwa mbili, mpaka juu nyuma ya meli kwenye uzio, ili aone mwisho wake.

Upepo ulimpiga uso. Chini, daraja la chuma lilikuwa limeanza kupanda. Maji yalikuwa yanachemka. Kibanda chenye bendera kilikuwa pale, uso kwa uso, kama Paros, kama Naxos. Na Carmel alikuwa anatembea kukiendea, mdogo, kichwa cha nusu kinang'aa juani.

Kimbia, Jeannine akasema moyoni. Kimbia, acha kutembea.

Ndipo alipoona kitu chekundu.

Mama Marthe alikuwa gatini. Alishuka lini? Alishuka wakati wa zile kelele. Alikuwa anamfuata Carmel, na yule mama mzito wa hatua sasa alikuwa anakimbia, sketi ameshika mkononi. Akamfikia. Akamdaka kifundo cha mkono.

Carmel akajaribu kujinasua. Mama Marthe hakuachia.

"Hapana," Jeannine akasema kwa sauti. "Hapana, mama, hapana, muache!"

Upepo ukalichukua neno, ukalipeleka baharini.

Mama Marthe akainua mkono mwingine. Jeannine akafumba jicho moja, akingoja kofi. Lakini mkono haukwenda kwa Carmel. Ulikwenda kwenye kichwa chake mwenyewe. Ukashika fundo la kilemba. Ukakifungua, mzunguko kwa mzunguko, kile kilemba ambacho hakuna mtu Joburg aliyewahi kuona chini yake.

Akabaki kichwa wazi mbele ya watu wote.

Nywele zake zilikuwa chache, za mvi. Na upande wa kulia, juu ya sikio, hazikuwepo. Ngozi tupu, laini, ya miaka mingi, inayong'aa. Kutoka juu ya meli Jeannine aliiona vizuri. Ilikuwa na ncha.

Wote tunaangukaga bafuni.

Marcellin hakuizua ile pasi. Alipokuwa mtoto alimwona baba yake mkubwa akiipasha moto, akausikia na mluzi wa mzee huyo.

Mama Marthe akamfunika Carmel. Akamfunga vizuri, akavuta mbele, akakaza nyuma, akamrekebisha pembeni kama mama anavyomfunga binti yake asubuhi ya harusi. Halafu akamshika mkono, na wanawake wawili wakaelekea kwenye bendera, mmoja amefunikwa, mmoja kichwa wazi, na yule wa kichwa wazi hakujishika kichwa hata mara moja.

Jeannine alikuwa analia na hakujua. Meli ilikuwa inageuka. Kati yao na gati maji yalikuwa yanapanuka.

"Umemaliza kichwa?"

Sauti ilikuwa nyuma yake. Ya taratibu. Karibu na sikio.

Marcellin alikuja akasimama naye kwenye uzio, lakini mgongo wake ndio aliouegemeza, uso akauelekeza kwenye meli. Alikuwa anafuta shati pale aliposhikwa. Nyuma ya bega lake, kule gatini, kitu chekundu kilikuwa bado kinaonekana. Angegeuza shingo tu. Shingo tu.

"Bado, patron," akasema Jeannine. Kitana kilikuwa bado mkononi mwake. Alikibana mpaka meno yakaingia kwenye kiganja. "Kimebaki nusu. Nimetoka kupata hewa."

"Unalia?"

"Upepo."

Marcellin akatabasamu. Akamtazama ile nguo iliyogeuzwa ndani nje. Aliitazama kwa makini, mshono kwa mshono, na tabasamu likaanza kuondoka usoni, kidogo kidogo.

"Mama Mukubwa ameniacha pale chini, dawa zake hakuchukua. Yuko na Carmel?"

Nyuma ya bega la Marcellin, mlango wa kile kibanda cheupe ukafunguliwa.

"Wako pamoja, patron."

"Muzuri."

Akatoa mfukoni kadi ya kufungulia chumba. Mkono wake wa pili ukamshika Jeannine juu ya kiwiko, bila haraka, na akaanza kupiga mluzi.

"Basi twende," akasema, "nikawaone."